Abdulwahid Sykes: Askari wa Burma aliyerudi kusimamia soko la Kariakoo

MKULIMA wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, anapopakia magunia yake kwenye lori, mzigo huo unaweza kuishia Kariakoo, Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Loliondo anayetafuta nguo na vyombo kwa bei ya jumla naye jina hilo analijua vizuri.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba jina la soko hilo limetoka jeshini. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Wachache zaidi wanajua kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkuu wa soko hilo alikuwa mtu aliyetoka vitani. Huyo ni Abdulwahid Kleist Sykes.

Maisha yake yanafaa kusomwa na askari mstaafu anayeshuka kwenye basi pale Wasso, kiinua mgongo mfukoni, huku ndugu na jamaa wakimsubiri na kila mmoja akiwa na shauri lake: nunua ng'ombe, fungua duka, jenga nyumba ya wageni.

Baba naye alikuwa askari

Abdul alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1924. Baba yake, Kleist Sykes, alizaliwa Pangani mwaka 1894 na alipigana upande wa Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika vita vya 1914 hadi 1918.

Vita vilipokwisha, Kleist alijikuta raia katika nchi iliyotawaliwa na wale aliokuwa akipigana nao. Askari wenzake wengi walikuwa wanadai mishahara. Malipo ya Serikali ya Ujerumani kwa waliokuwa bado hai yalikuja kutolewa miaka ya 1960, wakati Kleist alikwishafariki tangu mwaka 1949.

Hakukaa kusubiri deni hilo. Alikuwa anajua kusoma na kuandika, akapata kazi ya ukarani katika shirika la reli. Baadaye akaingia katika biashara. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Association na akawa katibu wake.

Kwa hiyo Abdul alikulia katika nyumba yenye daftari la mahesabu na daftari la mikutano, mambo mawili yaliyokuja kumsaidia baadaye.

Burma na kurudi nyumbani

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Abdul na mdogo wake Ally waliingia katika jeshi la KAR. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumika katika vita hivyo. Ndugu hao wawili walipelekwa Burma, kupigana na Wajapani katika misitu yenye mvua na malaria.

Inasimuliwa kuwa mwishoni mwa mwaka 1945, wakiwa kambini India kusubiri meli ya kurudi, askari wa Tanganyika walianza kuzungumza juu ya kuunda chama cha siasa. Walikuwa wamemwona mzungu akiogopa risasi na akiumwa homa kama wao. Heshima waliyompa kabla ya vita haikuweza kubaki ile ile.

Walichokikuta nyumbani kilikuwa kigumu. Askari aliyeendesha lori la jeshi au kupokea na kutuma habari kwa simu ya upepo alirudi kwenye ngazi ya mshahara iliyopangwa kwa rangi ya ngozi.

Aliyetaka kufungua duka kwa akiba yake naye alikutana na sheria ya mwaka 1931 iliyobana mikopo kwa Waafrika. Mwenye duka la jumla asiye Mwafrika hakuweza kwa urahisi kumdai Mwafrika mahakamani deni la mali kauli. Matokeo yake, hakumkopesha. Akiba ya askari ikiisha, na duka limekwisha.

Tuseme ukweli: Abdul hakuwa askari wa kawaida katika jambo hili. Alikuwa na nyumba ya baba na jina linalofahamika mjini. Wenzake wengi walirudi vijijini bila hata hayo. Ila Abdul hakujifungia na nafuu yake.

Bandarini, kisha sokoni

Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai maslahi, na mgomo ukaenea hadi miji ya bara. Mwaka uliofuata, Abdul akiwa na miaka 24 tu, alikuwa katibu wa chama chao.

Baadaye akawa mkuu wa soko la Kariakoo. Kazi ya mkuu wa soko haina makuu machoni pa watu: kusimamia ushuru, kugawa meza, kuamua ugomvi wa mizani na wa nafasi. Lakini ndiyo kazi inayomkutanisha mtu na kila kabila na kila hali, kuanzia mkulima wa mihogo hadi tajiri wa magari ya mizigo.

Hapo mazoea ya jeshi yana faida: kufika kwa saa, kuandika kila kinachoingia na kutoka. Ila soko halipokei amri kama kikosi. Muuzaji akionewa hapigi saluti, anahama na mzigo wake. Mtu wa jeshi hana budi kujifunza kusikiliza.

Ofisi yake ya sokoni ikawa pia mahali pa kukutania wanasiasa. Mwaka 1950 Abdul alikuwa katibu wa TAA, chama kilichotokana na kile cha baba yake, na Dk. Vedast Kyaruzi akawa rais wake.

Kupisha mwingine

Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, Abdul aligombea urais wa TAA na mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere. Nyerere akashinda.

Watu wengi wakishindwa hususa, lakini Abdul alibaki kufanya kazi. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, Nyerere alichukua kadi namba 1, Ally namba 2 na Abdul namba 3. Nyerere alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, familia ya Abdul ilimpokea nyumbani kwao.

Abdulwahid Sykes alifariki Oktoba 12, 1968, kabla ya kutimiza miaka 44. Jengo kubwa la soko tunalolifahamu, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilijengwa miaka ya 1970, hivyo hakuliona.

Funzo kwa wastaafu

Siku hizi askari akistaafu ana pensheni, na sheria ile ya mikopo haipo. Hata hivyo hatari ya kumaliza kiinua mgongo katika biashara asiyoijua ipo pale pale, iwe ni mifugo ya kupeleka mnadani Loliondo au vitunguu vya Mang'ola ambavyo bei yake hushuka vikiiva kwa wingi.

Kleist alianza na ukarani, duka likaja baadaye. Abdul alijulikana na watu wa bandarini na wa sokoni kabla ya kuwaomba wamfuate katika siasa. Wote wawili walijiunga na wenzao badala ya kuhangaika peke yao.

Mstaafu anayekaa msimu mmoja mnadani akiandika bei kabla ya kununua ng'ombe wa kwanza hajapoteza muda. Kijiji nacho kina wajibu: mtu aliyelinda mipaka asipokelewe kama mfuko wa fedha wa kuchotwa. Apewe nafasi katika chama cha ushirika na kamati ya soko, kwa sababu nidhamu aliyorudi nayo ni mtaji pia.