Mwalimu aliyejishtaki mbele ya watoto

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Walimu na wazazi wengi huitumia methali hii kutetea kiboko. Husahau kwamba hata samaki mbichi akikunjwa kwa pupa huvunjika. Anayetaka kujua jinsi mtoto anavyokunjwa bila kuvunjwa, naomba ayatazame maisha ya Janusz Korczak, daktari wa Poland aliyewalea mayatima kwa miaka 30.

Jina lake halisi lilikuwa Henryk Goldszmit. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi jijini Warsaw, enzi ambapo jiji hilo lilikuwa chini ya Urusi. Baba yake, aliyekuwa wakili, aliugua maradhi ya akili na kufariki mwaka 1896. Kijana huyo akalazimika kuwafundisha watoto wa wengine ili aikimu familia. Baadaye alisomea udaktari, akahudumu katika hospitali ya watoto. Angeweza kujitajirisha kwa taaluma hiyo, lakini mwaka 1912 alichukua usimamizi wa nyumba ya mayatima katika mtaa wa Krochmalna, akisaidiana na Bi Stefania Wilczyńska.

Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Korczak aliipeleka desturi hiyo katika malezi. Aliamini kwamba mtoto mkaidi, mchokozi au mwongo ana jambo linalomsibu, na kwamba kazi ya mlezi ni kulitafuta. Kwa kuwa si kila mtoto awezaye kufungua kinywa mbele ya watu, aliweka sanduku la barua. Aliyeonewa, aliyekuwa na ombi na aliyekuwa na siri aliandika, naye mlezi akapata nafasi ya kusoma na kutafakari kabla ya kujibu. Fauka ya hayo, mtoto mgeni alikabidhiwa mwenzake mkubwa amwongoze, ili asijione mkiwa katika nyumba ngeni.

Lililo kuu ni mahakama ya watoto. Mahakimu watano walichaguliwa kwa kura miongoni mwa watoto wasiokuwa na kesi juma hilo. Kanuni zake zilianza kwa msamaha: vifungu 99 vya kwanza vilihusu kuiacha kesi au kumsamehe mshtakiwa. Adhabu ya kufukuzwa ilikuwa katika kifungu cha 1000. Walezi pia waliweza kushtakiwa. Katika muda wa nusu mwaka Korczak alijishtaki mara tano, miongoni mwa makosa yake yakiwa kumpiga mvulana na kumshuku msichana kwa wizi.

Je, heshima yake ilipungua? La hasha! Mtoto aliyemwona mkubwa akikiri kosa alijifunza kukiri lake pasipo kuburutwa. Aliyeketi katika kiti cha hakimu alilazimika kuwasikiliza mshtaki na mshtakiwa, na kujiuliza kila mmoja anahisije. Somo hilo halifundishwi kwa hotuba ya gwaride la asubuhi, seuze kwa kiboko.

Najua wapo walimu watakaosema kwamba madarasa yetu yamefurika na kazi imewazidi. Malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, Korczak alikuwa na watoto wapatao 100, aghalabu maskini waliokwisha kufiwa, na walezi wachache mno. Ni uhaba huo hasa uliomfanya awagawie watoto wenyewe majukumu ya ulezi na uamuzi. Sanduku la barua halihitaji bajeti ya serikali.

Mwaka 1940 utawala wa Ujerumani ya Kinazi uliwafungia Wayahudi wa Warsaw katika mtaa uliozungushiwa ukuta, na nyumba hiyo ya mayatima ikahamishiwa humo. Marafiki walijitolea kumtorosha Korczak, naye akakataa. Mnamo Agosti 1942 alitembea na watoto wake wapatao 200, pamoja na Bi Wilczyńska, hadi kwenye treni iliyowapeleka Treblinka, walikouawa.

Mwaka 1978 Poland ndiyo iliyopendekeza kwa ulimwengu Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989. Kenya iliuidhinisha mwaka 1990, na mwaka 2001 kiboko kikaharamishwa shuleni. Sheria tunayo, lakini sheria haiwezi kumsikiliza mtoto anayesinzia darasani kwa kuwa hakula, au anayepigana kwa kuwa nyumbani hakuna amani. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Nanyi wanafunzi, msidhani mzigo huu ni wa walimu peke yao. Watoto wa Krochmalna walihukumiana kwa haki na kuwapokea wageni. Yule mwenzenu aketiye peke yake wakati wa mapumziko anawangoja ninyi.