Nicholas Biddle, Mtu Aliyeufunga Mfuko wa Taifa

Swali liulizwalo mara nyingi na wafanya kazi, na ambalo ni haki yao kuliuliza, ni hili: Je, wenye mali wakiamua kuizuia rasilmali yao, waweza kuikaba nchi nzima mpaka serikali yake isalimu amri? Wako wasemao kwamba waweza, na kwa hiyo si busara kuwaudhi. Wako na wasemao kwamba vitisho vya matajiri ni upepo mtupu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zingefaidika kuyasoma maisha ya Nicholas Biddle wa Marekani, ambaye jambo hilo alilijaribu kwa vitendo.

Biddle alizaliwa katika mji wa Philadelphia tarehe 8 Januari, 1786, katika ukoo wenye jina. Alikuwa mtoto mwenye akili za ajabu. Aliingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania akiwa na umri wa miaka 10 tu. Huko alinyimwa shahada kwa sababu ya udogo wake, akaenda Princeton, akahitimu mwaka 1801, naye hajatimiza miaka 16. Katika ujana wake alikuwa karani wa mabalozi wa nchi yake huko Paris na London. Aliporudi kwao alisomea sheria, akahariri gazeti la fasihi, na ndiye aliyezipanga habari za safari ya Lewis na Clark zikawa kitabu kilichotoka mwaka 1814. Twayataja haya ili msomaji asidhani kwamba twamzungumzia mlafi mjinga. Alikuwa msomi na muungwana, na mambo aliyoyatenda baadaye aliyatenda akiamini kwamba anaiokoa nchi.

Mwaka 1823, akiwa na miaka 37, alikuwa Rais wa Benki ya Pili ya Marekani. Benki hiyo ilipewa hati na Kongresi mwaka 1816, kwa muda wa miaka 20. Rasilmali yake ilikuwa dola milioni 35. Serikali ilikuwa na sehemu moja katika tano. Sehemu nne zilikuwa za watu binafsi, nao ndio waliochagua wakurugenzi 20 kati ya 25. Hata hivyo kodi za taifa zima ziliwekwa humo, na benki ikazitumia bila kuzilipia riba. Tena, noti za benki ndogo ndogo za majimbo zilipoingia mikononi mwake, iliweza kuzirudisha kwa wenyewe na kudai sarafu za dhahabu na fedha. Hivyo Biddle aliweza kuzibana benki nyingine au kuzilegeza apendavyo. Haki yake tumpe: kwa miaka kadha kazi hiyo aliifanya vizuri, na noti zake zilikubaliwa kila upande wa nchi.

Mwaka 1829 Andrew Jackson akawa Rais wa Marekani. Jackson alizichukia benki, na hii kubwa kuliko zote aliichukia zaidi. Biddle, kwa ushauri wa Henry Clay na wenziwe, aliomba hati mpya mwaka 1832, miaka minne kabla ya ile ya kwanza kwisha, akidhani kwamba Rais hatathubutu kuikataa katika mwaka wa uchaguzi. Jackson aliikataa tarehe 10 Julai. Benki ikamwaga fedha nyingi ili ashindwe, naye akamshinda Clay kwa kura nyingi. Kisha, Septemba 1833, akaamuru kodi za taifa zisiwekwe tena katika benki ya Biddle. Waziri wa Fedha, William Duane, alipokataa kutia saini aliondolewa, akawekwa Roger Taney. Tangu tarehe 1 Oktoba kodi zikaanza kupelekwa katika benki za majimbo zilizochaguliwa na serikali.

Hapo ndipo Biddle alipoufumba mkono. Mikopo mipya ilikataliwa, ya zamani ikadaiwa irudishwe, na benki ndogo zikadaiwa sarafu. Ni kweli kwamba benki inayopoteza amana haina budi kupunguza mikopo yake. Lakini yeye alipita kiasi cha haja, na barua zake za wakati ule zatuonyesha nia yake: aliona kwamba pasipo watu kuteseka waziwazi, Kongresi haitageuka.

Nao waliteseka kweli. Katika majira ya baridi ya mwaka 1833 na 1834 mfanyabiashara alikosa fedha za kununulia bidhaa, na mwenye kiwanda akakosa za kulipia mishahara. Nyumba za biashara zilifilisika, na wafanya kazi ambao hawakuwa na ugomvi na Rais wala na benki wakaachishwa kazi. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Maombi ya watu yalimiminika Washington. Wajumbe walipomwendea Jackson aliwaambia waende kwa Biddle, kwani fedha ziko kwake. Mle bungeni benki haikukosa marafiki: Seneta Daniel Webster, mtetezi wake mkuu, alikuwa mwanasheria wake wa kulipwa, na Desemba 1833 alimwandikia Biddle kumkumbusha kwamba malipo yake hayajaletwa kama desturi. Tarehe 28 Machi, 1834, Seneti ikapiga kura ya kumlaumu Rais.

Lakini Biddle hakushinda. Kwanza, walioumia mapema walikuwa wafanyabiashara wa New York na Boston, yaani rafiki zake mwenyewe, nao ndio waliomtaka aulegeze mkono. Pili, serikali ilikuwa imekwisha kufungua mlango mwingine wa kuwekea fedha zake. Tatu, kitendo chenyewe kilithibitisha shtaka la Jackson, kwamba mtu mmoja ambaye wananchi hawakumchagua ana uwezo wa kuwanyima riziki. Gavana George Wolf wa Pennsylvania, aliyekuwa upande wa benki, akaiacha. Tarehe 4 Aprili, 1834, Baraza la Wawakilishi likaamua kwamba benki isipewe hati mpya. Kabla ya mwaka kwisha Biddle alikuwa ameifungua mikopo, na biashara ikafufuka. Dhiki ile haikuletwa na ukame wala vita. Iliamriwa katika ofisi moja ya Philadelphia.

Hati ya taifa ilikwisha mwaka 1836. Biddle aliiendesha benki kwa hati ya jimbo la Pennsylvania, akaingia katika biashara ya kubahatisha bei ya pamba. Alijiuzulu mwaka 1839, na mwaka 1841 benki ikaanguka kabisa. Alishtakiwa kwa udanganyifu, akaachiliwa, akafa tarehe 27 Februari, 1844, akiwa na miaka 58.

Wala tusimfanye Jackson kuwa shujaa wa wanyonge. Alikuwa na watumwa wetu Waafrika katika shamba lake, na sheria ya kuwafukuza Wahindi Wekundu katika nchi zao aliitia saini mwaka 1830. Pamba iliyowatajirisha watu wa pande zote mbili ilikuwa jasho la watumwa. Tena aliivunja ghala kuu bila kujenga nyingine. Benki za majimbo zilikopesha ovyo, na mwaka 1837 biashara ya nchi nzima ikaanguka. Wafanya kazi wakaumia mara ya pili.

Basi jibu letu ni hili. Wenye rasilmali waweza kuitia nchi katika dhiki, tena dhiki kubwa, lakini kwa muda. Kwani mkono uliofumbwa haupati faida, na njaa yake huwafikia hata rafiki zao. Serikali itakayovumilia ni ile iliyojiwekea ghala lake mapema, na watu waaminifu wa kulilinda. Na tukisikia tena kitisho cha namna hii, la kwanza kuuliza ni fedha hizo zinazozuiwa ni za nani. Sehemu kubwa ya nguvu za Biddle ilitoka katika kodi za watu wale wale aliowaachisha kazi.