Mwalimu Aliyeacha Nafasi Tupu

Katika vilima vya Tarime watu huchimba dhahabu. Wachimbaji wadogo husaga mawe yenye dhahabu hata yawe unga, wakauchanganya unga huo na maji na zebaki, nayo zebaki huikamata dhahabu iliyotawanyika. Kisha huichoma zebaki ipae, dhahabu ikabaki. Na mvuke ule ni sumu kali, huwadhuru wasiojua. Basi katika jedwali la elementi, wanalojifunza wanafunzi wa kemia wa Tarime na Serengeti kama wenzao wa mahali pengine, dhahabu ni ya 79 na zebaki ni ya 80; zimekaa bega kwa bega. Elementi ni vitu vya asili, ambavyo kwavyo vitu vingine vyote vimefanyizwa. Msingi wa jedwali hilo uliwekwa na mwalimu wa kemia wa nchi ya Urusi, jina lake Dmitri Mendeleev.

Alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Tobolsk, nchi ya Siberia penye baridi kali, naye alikuwa kitinda mimba wa jamaa kubwa. Babaye alikuwa mkuu wa shule, lakini mwaka ule ule alipofuka macho, akaacha kazi. Mamaye, Maria, akashika kiwanda cha kioo cha jamaa zake, akawalisha watoto kwa kazi hiyo. Mwaka 1847 baba akafa. Mwaka uliofuata kiwanda kikateketea kwa moto. Mwingine angalikata tamaa. Maria alikuwa amekwisha tambua ya kuwa mwanawe ana akili ya elimu, akaazimu kumtafutia chuo. Mwaka 1849 akampeleka Moscow, safari ya zaidi ya kilomita 2,000, ndiyo kusema mbali kuliko kutoka Tarime hata Dar es Salaam, wala hapakuwa na reli. Chuo Kikuu cha Moscow kikamkataa. Wakaendelea mpaka St Petersburg, na huko mwaka 1850 kijana akapokewa katika chuo cha walimu alichosoma babaye zamani. Muda mfupi baadaye mama akafa, asione matunda ya taabu yake.

Dmitri akasoma kwa bidii, akapata nishani ya dhahabu mwaka 1855. Akafundisha shule za kusini, akaenda Ujerumani kuongeza elimu, na mwaka 1867 akawa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg.

Hapo alikuta taabu ijulikanayo na walimu wengi: hapakuwa na kitabu cha Kirusi cha kuwafaa wanafunzi wake. Basi akaanza kukiandika mwenyewe. Siku zile elementi 63 zilikuwa zimejulikana, nazo zilikuwa kama mizigo iliyomwagwa chini. Mwanafunzi hana budi kukariri tabia zake moja moja. Mendeleev alitaka kuzifundisha kwa taratibu. Akazipanga kwa uzito wa atomu zake, nyepesi kwanza na nzito baadaye, akaona ya kuwa tabia zake hurudi tena baada ya hatua kadha, kama masika yarudivyo kila mwaka. Mwaka 1869 akalitangaza jedwali lake.

Lakini mahali pengine elementi iliyofuata kwa uzito haikupatana na jirani zake. Mtu mwoga angaliisukuma ijaze nafasi. Yeye aliiacha nafasi tupu, akasema ya kuwa elementi ya hapo iko duniani, ila haijaonekana bado. Tena akataja uzito wake na tabia zake kabla mtu ye yote hajaishika mkononi. Wataalamu wengi hawakumjali, na si ajabu, kwani kama angalikosea angalichekwa na walimwengu.

Mwaka 1875 Mfaransa mmoja, Lecoq de Boisbaudran, alivumbua madini mapya, galiamu, ambayo huyeyuka katika kiganja cha mkono. Mendeleev aliposoma habari zake akatambua ya kuwa ndiyo elementi ya nafasi mojawapo. Ila kipimo kimoja hakikupatana. Mfaransa alisema madini hayo ni mazito kuliko maji mara 4.7, hali Mendeleev alikuwa amehesabu karibu mara 6. Akaandika ya kuwa kipimo kile kimekosewa. Fikiri, mtu asiyepata kuyaona madini amsahihisha aliyeyavumbua! Mfaransa akayasafisha vizuri zaidi, akapima tena, akapata mara 5.9. Mwaka 1879 nafasi ya pili ikajazwa na skandiamu, na mwaka 1886 ya tatu ikajazwa na jemaniamu. Hapo wenye kudharau wakanyamaza.

Mwaka 1890 wanafunzi wa chuo walikuwa na manung'uniko, wakayaandika katika barua ya maombi. Mendeleev akakubali kuipeleka kwa waziri wa elimu. Waziri akairudisha, na mwalimu yule, aliyekwisha fundisha hapo zaidi ya miaka 20, akajiuzulu. Baadaye akapewa kusimamia ofisi ya mizani na vipimo vya nchi.

Alikufa mwaka 1907. Katika mazishi yake wanafunzi walibeba jedwali la elementi mbele ya watu wote. Na mwaka 1955, wataalamu wa Marekani walipotengeneza elementi ya 101, waliipa jina lake.