James Naismith: mwalimu aliyezaa basketi, sahihi yake ikauzwa mamilioni ya dola

Tarehe 10 Desemba 2010, mjini New York, karatasi mbili zilizoandikwa kwa mashini ziliuzwa katika mnada kwa dola za Marekani 4.338.500. Ni zile kanuni 13 za kwanza za mchezo wa basketi, zenye sahihi ya James Naismith. Mwenye sahihi alikuwa amekwisha kufa miaka 71, na mchezo wake haukumtajirisha.

Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na Almonte, inchini Kanada. Mwaka wa 1870, baba na mama walikufa kwa tifoide, na yatima huyo akalelewa na ndugu za mama yake. Aliacha shule, akakata miti porini, kisha akarudi darasani. Mjini Montreal alisoma kwenye Chuo Kikuu cha McGill, akamaliza pia masomo ya teolojia. Badala ya kuwa mchungaji wa kanisa, alichagua kulea vijana kwa njia ya michezo.

Mwaka wa 1890 alienda Springfield, Marekani, kwenye shule ya YMCA. Desemba 1891, baridi kali ilikuwa imewafungia wanafunzi ndani, na mazoezi yaliwachosha. Mkubwa wake, Luther Gulick, alimpa siku 14 atafute mchezo mpya. Naismith aliomba masanduku mawili. Mlinzi wa shule akamletea vikapu vya matunda. Vikapigiliwa kwa misumari kwenye urefu wa futi 10, yaani mita 3 na kidogo. Urefu huo haujabadilika hadi leo. Vijana 18 walicheza kwa mpira wa miguu, tisa kila upande. Matokeo: 1-0.

Kanuni zilibandikwa ukutani, na baadaye zikapotea. Mwanafunzi mmoja, Frank Mahan, alikuwa amezichukua. Akazirudisha kwa mwalimu. Naismith alizitunza, na mwaka wa 1931 akaandika juu yake kwa mkono kwamba hizo ndizo kanuni za kwanza, akatia sahihi. Kwa wanaokusanya vitu vya zamani vya michezo, hapo ndipo bei inapotoka: mkono wa mwenyewe unashuhudia, na njia ya karatasi inajulikana, kutoka kwake hadi kwa wajukuu. Bila hayo, mtu yeyote angeweza kuandika kanuni zilezile na kusema ni za kale.

Tangu miaka ya 1890 kulikuwa wachezaji waliolipwa. Naismith alishika njia nyingine: mwaka wa 1898 alipata shahada ya udaktari, kisha akafundisha kwenye Chuo Kikuu cha Kansas. Kama kocha alishinda mara 55, akashindwa mara 60. Mwaka wa 1936 aliona mchezo wake kwenye Olimpiki ya Berlin. Alifariki Lawrence, Kansas, tarehe 28 Novemba 1939, mbele ya NBA kuanza.

Wanunuzi, David na Suzanne Booth, walitaka karatasi hizo ziende kwenye chuo hicho cha Kansas. Leo zinaonyeshwa Lawrence. Na huko Springfield, jumba la mashujaa wa basketi linabeba jina la Naismith. Mwaka wa 2015 lilimpokea mwana wa Kongo, Dikembe Mutombo.