DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 16: Bi Asmaa, wazazi wake na nyumba ya ugenini

 

Jana nilituma darsa la kuunga udugu, na maswali yaliyoingia usiku karibu yote yalikuwa ya aina moja. Mzazi anaumwa, watoto tumetawanyika, tufanyeje? Mmoja amemhamishia mama yake Mwanza ili awe karibu na hospitali, lakini mama kila siku analilia kibanja chake. Dada mmoja amesilimu, mama yake bado ni mtu wa kanisani, sasa mama yuko kitandani na dada anaogopa kwamba akienda kumuuguza atakuwa amekosea dini. Ya fiqhi nitawajibu mmoja mmoja, inshaAllah. Leo nawaletea maisha ya mtu mmoja tu, Bi Asmaa bint Abubakar (r.a.), maana karibu kila mlichoniuliza kilimpata yeye.

Alizaliwa Makka yapata miaka 27 kabla ya Hijra. Baba yake ni Abubakar Siddiq, mama yake ni Qutayla bint Abdul-Uzza. Wazazi hawa waliachana tangu zama za ujahilia. Bi Aisha ni mdogo wake kwa baba, mama yake Aisha ni Bi Umm Ruman. Kwa hiyo Asmaa tangu ujana wake alikuwa mtoto wa nyumba iliyogawanyika, mama kule, baba huku. Na dini ilipokuja ikagawanyika zaidi: yeye na baba yake wakawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu, mama yake akabaki kwenye dini ya wazee wake.

Usiku wa Hijra mwaka 622 tunaujua sote. Mtume (s.a.w.) na Abubakar walikaa siku tatu katika pango la Thawr, na Asmaa ndiye aliyewatengenezea masurufu ya njiani. Akakosa kamba ya kufungia, akachana mshipi wake vipande viwili, ndiyo sababu akaitwa mwenye mishipi miwili. Abu Jahl alikuja mlangoni kumuuliza baba yuko wapi, akanyamaza, akapigwa kofi mpaka hereni ikamtoka sikioni. Haya tunayasimulia kila mwaka. Lakini kuna jambo lililotokea ndani ya nyumba ileile, ambalo hatulisemi sana.

Abubakar aliondoka na fedha zote alizokuwa nazo, dirhamu kama 5,000 au 6,000. Nyuma alimwacha baba yake, Mzee Abu Quhafa, mtu mzima sana, macho hayaoni, na bado hajasilimu. Mzee akaingia kwa wajukuu zake akiwa na hasira na hofu, kwamba huyu mtoto wangu amekwenda na mali yake pia na kuwaacha hivihivi. Asmaa hakubishana naye. Alikusanya vijiwe, akaviweka kwenye shubaka la ukutani ambamo baba yake alikuwa anaweka fedha, akavifunika kwa kitambaa, kisha akaushika mkono wa babu yake akauweka juu. Mzee akapapasa, moyo ukatulia, akaona basi mwanawe amefanya vizuri.

Wapo watakaouliza kama ule haukuwa uongo. Asmaa mwenyewe ndiye aliyelisimulia baadaye, na alisema wazi kwamba baba yao hakuacha kitu, ila alitaka kumtuliza mzee. Mimi ninachokiona hapo ni binti ambaye baba yake anawindwa, fedha hakuna, yeye mwenyewe ana mimba, na bado amepata nafasi ya kufikiria kwamba kipofu atalala vipi usiku ule.

Baadaye kidogo familia nayo ikaitwa Madina. Ni zaidi ya kilomita 400, yaani karibu kama kutoka Bukoba kwenda Mwanza kwa barabara, lakini kwa ngamia, jangwani, na mimba imefika mwisho. Alipofika Quba akajifungua. Mtoto akapelekwa kwa Mtume (s.a.w.), akatafuniwa tende, akaombewa dua, akaitwa Abdullah. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Wahajiri kuzaliwa baada ya kuhamia Madina, na Waislamu walifurahi mno kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba wageni hawa hawatapata watoto.

Sasa msidhani baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Madina ya wakati ule ilikuwa na homa. Bi Aisha alisimulia kwamba walifika wakati mji huo una maradhi kuliko ardhi yoyote, na bonde la Buthan lilikuwa linapitisha maji yaliyoharibika. Sisi watu wa Kagera tukisikia maji mabovu bondeni na homa majumbani, hatuhitaji kuelezwa sana! Abubakar alishikwa. Bilal alishikwa. Amir bin Fuhayra alishikwa. Walikuwa nyumba moja, na Aisha, binti mdogo, akaenda kuwatazama. Kila mmoja akamuuliza hali, na majibu aliyoyapata yakamtisha: baba yake anayatamka mambo ya mauti kama kitu kilicho karibu yake kabisa, Bilal homa ikimwachia kidogo anapaza sauti kuyataja majani ya Makka, visima vyake na milima yake, kama atavipata tena.

Huyu ni Bilal, ndugu zangu. Makka ndiko alikoteswa, alilazwa kwenye mchanga wa moto na jiwe kifuani. Na bado mwili ulipougua, roho ilikimbilia kule. Mgonjwa hutamani kwao hata kama kwao kulimtesa. Kwa hiyo mzee uliyemtoa kwenye migomba yake ukamweka chumba kizuri chenye marumaru mjini, akaanza kuulizia mikungu yake na makaburi ya wazazi wake yaliyo nyuma ya nyumba, usimwambie kwamba hana shukrani. Aisha aliyoyasikia aliyapeleka kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume hakuwakemea kwa kuikumbuka Makka. Alimwomba Allah awafanye waipende Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, aitie afya na baraka katika vipimo vyao vya chakula, na homa yake aihamishie Juhfa.

Aisha naye homa ikamfikia. Abubakar, aliyekuwa juzi tu yuko kitandani, akaingia kwake, akambusu shavuni, akamuuliza binti yake anajisikiaje. Wababa wa Kihaya, na mimi nimo, tunajua kununua dawa na kulipa nauli ya bodaboda. Kumbusu mtoto mgonjwa ni somo jingine.

Na Asmaa alijifunza kitu katika mji ule wa homa ambacho alikaa nacho maisha yake yote. Kila alipoletewa mwanamke mwenye homa, alichukua maji akammiminia kifuani, kwenye nafasi ya shingo ya nguo yake, akieleza kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaagiza waipoze homa kwa maji. Watu walikuwa wanampelekea wagonjwa. (Tafadhali, hii si sababu ya kuacha zahanati. Pima kwanza, ukiambiwa ni malaria meza mseto na umalize dozi. Kitambaa cha maji kinakwenda pamoja na dawa.)

Maisha ya nyumba mpya yenyewe yalikuwa ya taabu. Mumewe, Zubayr bin Awwam, hakuwa na mali wala mtumishi, alikuwa na farasi na ngamia wa kuchotea maji. Asmaa ndiye aliyemlisha farasi, kumnywesha, kushona ndoo ya ngozi, kukanda unga. Kuoka mkate alikuwa hajui vizuri, akaokewa na majirani zake wa Kiansari, na aliwasifu kwamba walikuwa wanawake wa kweli. Hapo pana faraja kwa bibi arusi yeyote aliyeletwa kijiji kisicho chake akachekwa kwa kushindwa kumenya ndizi! Kokwa za tende za kumlishia farasi alizibeba kichwani kutoka shamba lililo theluthi mbili za farsakh, kama kilomita 3 na nusu. Siku moja Mtume (s.a.w.) alimkuta njiani akiwa na Maansari, akampigisha ngamia magoti apande, Asmaa akaona haya na akakumbuka wivu wa mumewe, akaendelea kwa miguu. Hali ile ilikwisha pale baba yake alipompelekea mtumishi wa kumwangalia farasi. Alihisi kama ameachwa huru.

Sasa lile swali la dada yetu.

Mwaka wa 6 Hijria ulifungwa mkataba wa Hudaybiya, njia ya Makka na Madina ikafunguka. Akatokea Bi Qutayla, mama yake Asmaa, bado hajasilimu, amekuja na zawadi, samli ikiwemo, anatamani kuonana na mwanawe. Mama huyu alikuwa ameachika, binti amemhama, miaka imepita. Asmaa akasita. Zawadi hakuzipokea, na ndani hakumkaribisha, mpaka kwanza aulize. Akaulizia kwa Mtume (s.a.w.): huyu mama yangu, ni mshirikina, amekuja na ana hamu nami, nimuunge? Jibu likaja kwamba ndiyo, amuunge mama yake, amkaribishe na azipokee zawadi. Wafasiri wanaitaja habari hii kwenye aya ya 8 ya Suratul Mumtahina, kwamba Allah hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Hapa kwetu nyumba moja unakuta kaka Mkatoliki, dada Mlutheri, mdogo wao Mwislamu, na wote wamenyonya ziwa moja. Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: dada, nenda kwa mama yako. Mpikie, mwogeshe, mfulie, mpeleke hospitali, kaa naye usiku. Kama yupo anayekwambia kwamba Uislamu wako utapungua, mwambie asome habari ya Qutayla. Na waume, msiwazuie. Qutayla alikuja akiwa mzima, anatembea kwa miguu yake, na akaambiwa afunguliwe mlango. Je, aliyelala kitandani hawezi kugeuka?

Mzee Abu Quhafa naye msimsahau. Mwaka wa 8, Makka ilipofunguliwa, Abubakar alimshika mkono akamleta mbele ya Mtume (s.a.w.), nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Mtume akaona ingefaa mzee aachwe nyumbani ili yeye ndiye amwendee. Mzee akasilimu siku ile.

Abubakar aliugua mwaka wa 13 Hijria, homa ya siku kama 15, akafariki akiwa na miaka 63. Aliagiza akafiwe kwa nguo kuukuu, kwa sababu aliye hai anaihitaji zaidi nguo mpya. Aliyemwosha ni mkewe, Asmaa bint Umays, msimchanganye na huyu wetu. Baba yake, yule kipofu wa vijiwe, alikuwa bado hai Makka na akaipokea habari ya kumzika mwanawe. Wanasimulia kwamba fungu lake la mirathi, sudusi, aliwarudishia watoto wa Abubakar. Hakumaliza mwaka, akafariki akiwa na miaka karibu 97.

Miaka ikaenda, ndoa ya Asmaa na Zubayr ikavunjika, akakaa kwa mwanawe Abdullah. Nakuta watu wanamsimulia Asmaa kana kwamba alibaki msichana wa mishipi siku zote. Alizeeka. Alifika karibu miaka 100, macho yakaondoka kama ya babu yake, akili ikabaki timamu, meno yakabaki.

Mwaka wa 73 Hijria, yaani 692, Abdullah amezingirwa Makka na jeshi la Hajjaj. Siku kama 10 kabla hajauawa, yeye na ndugu yake Urwa wakaingia kumtazama mama, naye anaumwa. Abdullah akamuuliza hali, akajibu kwamba ana maumivu. Abdullah akasema kwamba katika mauti kuna raha. Pengine alitaka kumliwaza. Mama akamgeuzia neno: huenda unatamani nife? Akamwambia hapendi kufa mpaka aone moja kati ya mawili, ama Abdullah auawe na yeye asubiri kwa kutaraji malipo kwa Allah, ama ashinde na macho yake yapate kutulia.

Hapa nasimama kidogo. Sisi pembeni ya kitanda tunasema kwamba heri mzee apumzike, tena kwa sauti, tukidhani hasikii. Anasikia. Na pengine bado ana jambo analolisubiri.

Abdullah alirudi kwake kwa mara ya mwisho, watu wengi wamemkimbia, akamtaka ushauri mtoto wa miaka 72 kwa mama yake kipofu. Akamwambia kama anajua yuko kwenye haki basi asisalimu amri. Abdullah akahofia watakavyoufanya mwili wake, mama akamkumbusha kwamba kondoo aliyekwisha kuchinjwa haumii kwa kuchunwa. Walipoagana akamkumbatia, mikono ikagusa deraya chini ya nguo, akamwambia aivue. Akaivua, akatoka.

Aliuawa, na Hajjaj akautundika mwili. Asmaa alikwenda pale akiongozwa, akauliza kama haujafika wakati wa mpanda farasi huyu kushuka. Ulipoteremshwa, alimshughulikia mwanawe akazikwa. Siku chache baadaye naye akafariki, palepale Makka. Katika Wahajiri wanawake, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Radhi za Allah ziwe juu yake.

Kesho inshaAllah baada ya Alfajiri tutamwangalia Urwa. Wassalaam alaykum.