Ernest Just na Siri ya Uso wa Yai

Leo nawaletea habari za mtu aliyeniokoa mwaka wangu wa pili hapa Toronto, ingawa alifariki mwaka 1941.

Nilikuwa nasaidia kazi maabara, kwenye mayai ya chura wa Kiafrika aitwaye Xenopus. Mayai hayo yamezungukwa na ute mzito, yaani fikiria mlenda. Ute wenyewe ni protini zilizobeba minyororo ya sukari, na chura jike huyapaka mayai wakati yakipita kwenye mirija yake. Mimi nilitakiwa kuuondoa ute kwa dawa iitwayo sisteini. Ukizidisha dakika, mayai yanakufa. Mwezi wa pili, theluji imejaa kila mahali, nikaharibu mafungu matatu mfululizo. Nikasema mayai haya ni mabovu, na mimi sayansi siiwezi. Nilikuwa tayari kuhama kozi, jamani.

Ndipo nikasoma maisha ya Ernest Everett Just.

Alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1883. Baba alikufa Ernest akiwa na miaka minne. Mama alikuwa mwalimu, na ili watoto wale alifanya kazi hata kwenye machimbo ya fosfeti. Kijana alipokuwa shuleni kaskazini, mama naye akafariki. Hakuacha. Mwaka 1907 alimaliza Dartmouth kwa heshima ya juu, akaenda kufundisha Howard, chuo cha Weusi kule Washington. Kuanzia 1909 alitumia likizo nyingi za kiangazi Woods Hole, Massachusetts, akichunguza mayai ya minyoo na wanyama wengine wa baharini. Mwaka 1915 alipewa medali ya kwanza kabisa ya Spingarn, na 1916 akapata udaktari Chicago.

Wakati ule wengi waliona kiini cha seli ndicho mfalme, uso wake ni mfuko tu. Just alikataa. Aliona mbegu ya kiume ikigusa yai, badiliko linatambaa juu ya uso kama wimbi na kuwafungia wengine mlango, kabla hata utando haujainuka. Kwake uso wa yai ulikuwa hai, una kazi yake.

Sifa yake nyingine ni uangalifu. Vyombo visafi, maji yasipate joto. Kabla ya kulaumu yai, jichunguze ulivyolishika. Watafiti wenzake walimfuata awasaidie. Lakini kazi katika vyuo vikubwa vya utafiti vya Wazungu hakupewa, na hilo lilimuuma sana. Kuanzia 1929 akawa anakwenda Naples, Berlin na Paris, ambako walimheshimu. Kitabu chake kikuu juu ya uso wa seli kilitoka 1939. Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia Ufaransa, naye akawekwa kambini kwa muda. Alirudi Marekani mgonjwa, akafa kwa saratani ya kongosho akiwa na miaka 58.

Je, alikuwa sahihi? Kuhusu jeni alizidisha mashaka. Lakini kuhusu uso wa yai, chura wangu ni shahidi. Mbegu moja ikishaingia, yai la Xenopus humwaga lektini, protini zinazoshika sukari. Hizo hunasa sukari za ute wa ndani, likajengeka tabaka ambalo mbegu nyingine haipenyi. Tena miaka ya 1990 watafiti wa Lille, Ufaransa, walionyesha kwamba kila aina ya chura ana mpangilio wake wa sukari kwenye ute. Just hakuwa na vifaa vya kuona haya yote.

Basi nikarudi maabara. Nikaosha vyombo upya, nikapima joto la maji, nikasimama na saa mkononi. Fungu la nne likaishi! Kumbe mayai hayakuwa mabovu.

Kuna mwenzetu sasa hivi amefeli mtihani na anajiona hafai. Ndugu yangu, kabla ya kujiita mbovu, angalia kwanza maji uliyowekwa na mikono iliyokushika. Halafu njoo tuzungumze, chai ipo.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.