Francis Davis: Mhandisi aliyeipunguzia uzito stelingi ya lori

DEREVA anayetoka Kibondo na lori lililojaa magunia ya mahindi na maharage, awe anaelekea Kakonko na Nyakanazi au Kasulu, anajua thamani ya stelingi nyepesi. Ikigoma kwenye kona ya mlimani, kinachokuwa hatarini si mzigo wa mfanyabiashara peke yake, bali pia maisha ya dereva, utingo na wapita njia.

Wepesi huo ulitafutwa na Mmarekani Francis Davis, aliyeacha kazi nzuri kwa ajili yake na kusubiri zaidi ya miaka 25 kabla ya kuuona ukiuzwa madukani.

Davis alizaliwa mwaka 1887 mjini Philadelphia. Baada ya kumaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1910, alijiunga na kampuni ya magari ya Pierce-Arrow mjini Buffalo, ambako alipanda hadi kuwa mhandisi mkuu wa idara ya malori.

Huko ndiko alikoliona tatizo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, malori ya Pierce-Arrow yalitumika pia katika majeshi ya Ulaya. Yalikuwa mazito, na kuyakatisha kona kulitegemea misuli ya dereva.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Davis aliacha kazi, akapanga karakana ndogo huko Waltham, katika jimbo la Massachusetts, na kumchukua fundi mmoja hodari, George Jessup.

Alichotaka ni mafuta yasukumwe na pampu ili yamsaidie dereva. Kikwazo kilikuwa uvujaji. Mashine za mafuta za wakati ule zilifunga valvu na kuhifadhi mgandamizo muda wote, hivyo mafuta yalipenya kwenye maungio.

Davis aligeuza mambo. Katika mtambo wake valvu ilikaa wazi, mafuta yakazunguka kwa uhuru kutoka kwenye pampu na kurudi kwenye tangi lake. Dereva alipokata kona tu ndipo valvu ilipobana njia, mgandamizo ukapanda upande mmoja na kusukuma pistoni. Alipouachia usukani, mafuta yaliendelea na mzunguko wake.

Mwaka 1926 aliufunga mtambo huo kwenye gari la Pierce-Arrow na kuwaonyesha wakubwa wa viwanda vya magari mjini Detroit. General Motors waliingia naye mkataba.

Hata hivyo, furaha hiyo haikudumu. Mdororo wa uchumi ulipoikumba Marekani, kampuni hiyo iliona gharama ni kubwa mno, na mwaka 1934 mpango ukasitishwa. Davis hakukata tamaa. Mwaka 1936 aliingia mkataba na kampuni ya Bendix, na Vita Kuu ya Pili ilipoanza, magari ya kivita ya Marekani na Uingereza yalifungwa mitambo yake kwa maelfu.

Pigo jingine lilikuja baada ya vita. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ndiyo iliyotangulia kuuza magari ya abiria yenye stelingi ya namna hiyo, ikitumia baadhi ya hataza za Davis ambazo muda wake ulikuwa umekwisha. Mwaka uliofuata, General Motors nao walirudi kwenye kazi aliyowafanyia karibu miaka 20 nyuma, wakaifunga kwenye Cadillac.

Kufuata njia ya mafuta

Malori mengi bado yanatumia kanuni hiyo ya Davis, na anayeielewa hupata ubovu haraka bila kununua vipuri ovyo.

Kwanza, upepo wa matairi ya mbele na uzito wa mzigo vikaguliwe. Tairi laini huifanya stelingi nzima ionekane mbovu.

Stelingi ikiwa nzito pande zote mbili, kianzio ni tangi la mafuta, kisha mkanda wa pampu kwa malori yanayoutumia, na mwisho pampu yenyewe. Ikiwa nzito upande mmoja tu, lawama mara nyingi huangukia boksi la stelingi, yaani valvu na sili zake.

Pampu ikilia na mafuta yakitoa povu, hewa imeingia, aghalabu kwa sababu mafuta yamepungua au paipu ya kuvutia imelegea. Baada ya kuziba na kujaza mafuta ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, magari mengi hutolewa hewa kwa kuinua ekseli ya mbele, kuwasha injini bila kukanyaga moto, na kuzungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara kadhaa, huku mafuta yakiongezwa. Usukani usishikiliwe mwishoni, kwani pampu hupata moto na kuharibika.

Kama mafuta ni safi na pampu ni nzima, fundi aifungue fito inayounganisha boksi na magurudumu, ekseli ikiwa imeinuliwa na kuwekewa stendi. Magurudumu yakiwa bado magumu kugeuka, ubovu uko kwenye kingi pini, si kwenye mafuta. Usukani ukicheza, tairodi endi zikaguliwe.

Mahali panapovuja pasipapaswe kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, kwani mafuta yenye mgandamizo hupenya ngozi. Kipande cha boksi la karatasi kinatosha kuonyesha tundu.

Davis alifariki dunia mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 90. Mfanyabiashara anayekodi lori kupeleka mavuno sokoni anaweza kutumia kazi yake bila kushika spana: kabla ya kupakia gunia la kwanza, aangalie tangi la mafuta ya stelingi na ardhi iliyo chini ya ekseli ya mbele. Kukiwa na tone bichi, safari isubiri fundi.